Shajara ya mradi: Dakota, karatasi zake na sauti za walioihudumia

Lengo na mipaka ya kazi

Ndege tunayoihifadhi katika mradi huu ni Douglas C-47, ndege ya usafirishaji ambayo wengi huiita Dakota. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, maelfu ya ndege hizi ziliuzwa kwa bei ya chini, na mashirika mengi machanga ya ndege yakaanzia hapo. Ethiopian Airlines, kwa mfano, ilifanya safari yake ya kwanza tarehe 8 Aprili 1946 kwa C-47, kutoka Addis Ababa hadi Cairo kupitia Asmara. Ndiyo maana nchi nyingi zikitafuta mwanzo wa historia yao ya anga hukuta Dakota imesimama kwenye majani, matairi yamelala na injini zimejaa viota.

Uamuzi wa kwanza, ambao uliamua mengine yote: ndege hii haitaruka tena. Ndege ya kuruka lazima itimize masharti ya usalama ya leo, kwa hiyo bati lililochoka, nyaya kuukuu, mipira na vyombo vya zamani vyote hutolewa na kuwekwa vipya. Mwishowe unabaki na ndege nzuri isiyo na ushahidi mwingi. Ndege ya maonyesho inaweza kubaki na mikwaruzo yake, viraka vyake na maandishi ya mafundi wake. Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza jijini London yalikwenda mbali zaidi: ndege ya mabomu aina ya Halifax, namba W1048, iliyoopolewa mwaka 1973 kutoka ziwa Hoklingen nchini Norwei, ilionyeshwa ikiwa imebomoka vilevile. Sisi hatuendi umbali huo, lakini kanuni tunayoifuata ni hiyo hiyo: tunazuia uharibifu usiendelee, na kila tunachoongeza lazima kiweze kuondolewa bila kuumiza cha asili.

Wiki ya 1 hadi 3: kabla ya kufungua skrubu hata moja

Picha. Kila bati la nje limepigwa picha kutoka umbali uleule wa mita 2, kukiwa na rula na kadi ya rangi ndani ya fremu. Kadi ya rangi si pambo. Bila hiyo, baada ya miaka 10 hakuna atakayejua kama ile kijani ilikuwa kijani au ni kamera iliyokosea.

Kila kipuri kinachotoka kinapewa namba yenye sehemu 3: eneo, upande, mfululizo. Lebo ni za plastiki laini ya polietilini, zimeandikwa kwa kalamu ya wino wa kudumu na kufungwa kwa uzi wa pamba. Waya wa shaba hauruhusiwi kabisa. Shaba ikigusa alumini palipo na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na lebo iliyokusudiwa kulinda kipuri inakuwa ndiyo inayokichimba. Mifuko ya bolti imetobolewa matundu madogo ili mvuke usigande ndani.

Kosa lililojitokeza wiki ya pili: bolti za vifuniko viwili vya injini zilitiwa kwenye kopo moja. Zinafanana kwa macho, ila zinatofautiana urefu kwa milimita 1.6. Ilichukua siku nzima kuzirudisha kila moja kwenye tundu lake kwa kufuata alama za kutu shingoni mwa bolti.

Wiki ya 4: sumu zilizomo ndani ya ndege

Hapa hatukuharakisha. Kwanza vyombo vya chumba cha rubani. Mishale na namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani zina radiamu. Kwamba haziangazi tena si ishara ya usalama: kilichokufa ni kemikali ya zinki inayotoa mwanga, lakini radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Kila chombo kilipimwa kwa kipima mionzi. Vilivyoonyesha mionzi havikufunguliwa kioo, havikukwanguliwa, havikusafishwa ndani. Vimefungwa kila kimoja kwenye mfuko wenye lebo na kuwekwa katika kabati lenye njia ya hewa ya kutoka nje ya jengo, kwa sababu radiamu huzaa gesi ya radoni, na kabati lisilopumua huikusanya. Taarifa imepelekwa kwa mamlaka ya mionzi kabla ya kitu chochote kuhamishwa.

Pili, praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ya manjano-kijani, iliyopakwa ndani karibu kote. Hiyo ni kromati ya zinki, na kromiamu iliyomo husababisha saratani. Kwa hiyo hakuna kupiga msasa mkavu popote. Msasa ni wa maji, barakoa ni ya vichujio vya daraja la P3, na maji machafu yanakusanywa kwenye pipa, hayamwagwi.

Tatu, kitambaa cha kuzuia joto kilichozungushiwa mabomba ya moshi. Kimechukuliwa kama asbesto hadi maabara iseme vingine. Kimelowanishwa, kimefunikwa, kimeachwa.

Wiki ya 5 na 6: kuosha, na tone la nitreti ya fedha

Maji ya shinikizo kubwa hayatumiki. Hupenya kwenye maungio ya bati na kusukuma uchafu ndani, mahali ambapo brashi haifiki tena. Tumeosha kwa brashi laini, sabuni isiyo na asidi wala alkali, na maji yaliyoondolewa madini kwa suuza ya mwisho.

Adui halisi ni kloraidi, yaani chumvi. Alumini ikiwa safi hujifunika utando mwembamba unaoilinda. Kloraidi hutoboa utando huo na kuanza kuchimba vishimo vidogo, na unga mweupe unaoonekana juu huficha shimo lililo chini yake. Ili kujua kama suuza imetosha, tunachukua maji ya mwisho yanayotiririka kwenye bati, tunatia kijiko kimoja kwenye kioo kisafi juu ya karatasi nyeusi, kisha tone la nitreti ya fedha. Maji yakibaki maangavu, tumemaliza. Yakiota ukungu mweupe kama maji ya mchele, kloraidi bado ipo. Tumbo la ndege chini ya mlango wa mizigo lilihitaji suuza 6 kabla ukungu haujatoweka.

Ukubwa wa kazi ya aina hii unategemea sana chumvi. Makumbusho yaleyale ya Uingereza yalipoiopoa Dornier Do 17, ndege ya mabomu ya Kijerumani, kutoka baharini, Goodwin Sands, mnamo Juni 2013, vipande viliwekwa katika tawi lake la Cosford ndani ya mahema na kunyunyiziwa mchanganyiko wa asidi ya limau kwa muda mrefu. Ya kwetu ilikaa nchi kavu, na kwa hilo tuna bahati.

Wiki ya 7 hadi 9: ngazi ya rangi

Wiki hizi zimetoa mengi kuliko tulivyotarajia.

Ngazi ya rangi ni mstari mwembamba unaofunguliwa tabaka kwa tabaka ili rangi zote zilizowahi kupakwa zionekane kwa mfululizo, kama miduara ya shina la mti. Wetu una upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 20, umechimbwa ubavuni nyuma ya mlango. Tunaanza na msasa wa maji namba 400, tukifika karibu na tabaka jipya tunahamia 800, kisha 1200 kwa kulainisha. Anayetumia namba 240 kwa haraka huvuka tabaka mbili bila kujua. Kila tabaka inaachwa ionekane kwa sentimita 2, na picha hupigwa ingali na maji, kwa kuwa rangi kavu iliyopigwa msasa hufifia.

Tabaka zilizopatikana, kutoka juu: nyeupe iliyochakaa, nyeupe ya zamani zaidi yenye ukingo wa buluu, kijivu, fedha, kijani ya jeshi iliyofifia, praima, alumini. Tabaka ya fedha ndiyo iliyotushtua, kwani hakuna picha wala karatasi tuliyonayo inayoonyesha ndege hii ikiwa na rangi ya fedha.

Ndipo tukazima taa zote za hanga (banda la ndege) usiku na kuweka taa moja kali ubavuni kabisa mwa mwili wa ndege, mwanga ukilala karibu sambamba na bati. Kwa mwanga wa namna hiyo, kingo za rangi ya zamani zilizofunikwa na rangi mpya hutoa vivuli vyembamba. Karibu na mkia zikaibuka herufi 5, kila moja ina urefu wa sentimita 50 hivi, mguu wa herufi ya tatu umepinda pale mchoraji alipokutana na mstari wa ribiti, zile pini zinazounganisha bati. Huo ulikuwa usajili wa awali wa kiraia. Katika kitabu cha kumbukumbu cha ndege, kurasa za miaka hiyo zimekatwa. Kwa hiyo bati lilikuwa limehifadhi kile ambacho karatasi ilikuwa imepoteza.

Agizo lililofuata ni moja: eneo lile halipakwi rangi mpya wala halikwanguliwi. Limepakwa utando mwembamba wa Paraloid B-72, resini inayoyeyuka kwa asetoni, ili yeyote akitaka kuuondoa baadaye aweze. Kama tungeanza kwa kuondoa rangi yote kwa kemikali, kama ilivyopendekezwa mwanzoni ili ndege ionekane mpya haraka, herufi zile zingeishia kwenye ndoo.

Wiki ya 10 na 11: mabawa ya nje

Mabawa ya Dakota yana upana wa takriban mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Sehemu ya katikati imejengwa pamoja na mwili, na mabawa ya nje yamefungwa kwa mamia ya bolti ndogo zinazozunguka ukingo mzima wa kiungo, chini ya ukanda wa bati unaofunika pengo.

Bawa lazima libebwe kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa. Tulitumia vitanda viwili vya mbao vyenye godoro la mpira, vilivyokatwa kwa umbo la bawa, na kuviweka chini ya mataruma (mbavu za ndani) imara, kamwe si chini ya bati tupu. Kisha tukavipandisha kwa jeki hadi bolti zianze kuzunguka kwa vidole. Hiyo ndiyo dalili kwamba uzito umeondoka kwenye bolti. Bolti ikikataa, si wakati wa kuongeza nguvu, ni wakati wa kupandisha au kushusha kitanda nusu milimita. Bawa la kushoto lilitoka vizuri. La kulia lilikuwa na bolti 11 zilizoshikwa na kutu. Zililowekwa mafuta ya kupenya siku 3, zikapashwa joto kwa hewa moto, si moto wa gesi, maana moto hulegeza ugumu wa alumini iliyotiwa nguvu kwa joto. Bolti 4 za pembe huachwa hadi mwisho.

Wiki ya 12 hadi 16: kutu, kisha ribiti

Palipoharibika zaidi ni chini ya sakafu, kando ya mlango wa mizigo na chini ya mahali pa betri. Bati la pale limepasuka kwa tabaka, linafunguka kama kurasa za kitabu kilicholowana. Kutu ya namna hiyo hutembea kati ya chembe za chuma, na haina dawa: ikishafungua tabaka, nguvu ya bati haipo. Ila kwa kuwa ndege haitaruka, tuliuliza swali tofauti kwa kila kipande: je, kinabeba uzito hata ndege ikiwa imesimama? Vipande vingi havibebi. Hivyo vimesafishwa, vimekaushwa, vimepakwa kizuizi cha kutu na kubaki. Vitatu tu vinabeba, na ndivyo vilivyobadilishwa.

Kutoa ribiti kuukuu: toboa kichwa tu, katikati kabisa, kwa drili ya kipenyo cha ribiti au ndogo kidogo, kina kisizidi unene wa kichwa. Vunja kichwa kwa pini, kisha sukuma mwili nje huku kipande cha mbao kikiwa kimeshikilia bati upande wa pili. Drili ikitoka katikati, tundu linakuwa refu kama punje ya maharage, na hapo huna budi kupanda hadi ribiti kubwa zaidi. Ribiti ya milimita 4 inahitaji milimita 8 kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati, na kwenye bati la zamani nafasi hiyo mara nyingi haipo.

Hesabu tuliyotumia kwa bati mbili, moja ya milimita 0.8 na nyingine ya milimita 1: jumla ni 1.8. Ribiti ni ya milimita 3.2, na inayobaki nje lazima iwe mara 1.5 ya kipenyo, yaani 4.8. Jumla ni milimita 6.6. Ribiti hizi hutengenezwa kwa hatua za milimita 1.6, hivyo ya milimita 6.4 ndiyo inayofaa. Ikishapigwa, kichwa cha ndani kiwe na upana wa milimita 4.8 na kimo cha 1.6.

Siku ya kwanza tulitumia za milimita 8 kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Nyingi zilijikunja ubavu badala ya kutanuka. Ribiti iliyojikunja inaonekana imeshika, lakini bati zinacheza chini yake. Kati ya 40 tulizopiga, 27 zilitolewa upya. Kosa la pili lilikuwa kwenye chuma kizito kinachoshikwa ndani: kikiinama kidogo tu, ukingo wa kichwa cha nje huchora mwezi mchanga kwenye bati, na alama hiyo haifutiki. Mwenye nyundo ya hewa na mwenye chuma sasa wanasikilizana kwa kugonga: mara moja anza, mara mbili nzuri, mara tatu toa.

Bati jipya lote limegongwa muhuri upande wa ndani: mwaka na neno “badala”. Fundi wa kesho asidanganyike kudhani ni la kiwandani.

Wiki ya 17: injini

Pratt & Whitney R-1830, silinda 14 katika safu mbili za saba saba, nguvu ya farasi 1,200. Kwa injini ya silinda zilizopangwa kwa duara, hatari ni mafuta ya kulainisha yanayoteremka na kujaa katika silinda za chini. Pistoni ikisukumwa dhidi ya mafuta, mafuta hayabanwi, na kinachopinda ni mkono wa pistoni. Kwa hiyo plagi za silinda za chini zilitolewa kwanza, mafuta yakachuruzika usiku kucha kwenye beseni, ndipo propela ikazungushwa kwa mkono, taratibu, kwa mwelekeo wake wa kawaida. Kuirudisha nyuma husukuma mafuta hadi kwenye bomba la kuvuta hewa, na pale hubaki yakisubiri.

Injini ya kushoto ilizunguka. Ya kulia iligoma baada ya robo mzunguko. Hatukulazimisha. Kamera nyembamba iliyopitishwa kwenye tundu la plagi ilionyesha kutu ya rangi ya chungwa ukutani mwa silinda mbili. Zimejazwa mafuta ya kupenya na zitabaki hivyo.

Kila silinda ina plagi 2. Moja imerudishwa, nyingine imebadilishwa na plagi ya kioo yenye chembe za kunyonya unyevu, zinazogeuka kutoka chungwa kuwa kijani zikishiba. Zinakaguliwa kila wiki 2, hukaushwa kwenye oveni, kisha hurudishwa.

Wiki ya 18 na 19: kitambaa

Usukani wa mkia, elevata (vipande vya mkia vya kupandisha na kushusha pua) na eleroni (vipande vya ncha za mabawa vya kuinamisha ndege) za Dakota si bati, ni fremu za alumini zilizovikwa kitambaa na kupakwa dopi, yaani rangi inayokaza kitambaa. Kitambaa cha elevata ya kushoto kimeoza kabisa. Cha usukani bado kina maandishi ya stensili, kwa hiyo kimeachwa na kushikiliwa kwa nyuma kwa kitambaa kipya cha kitani kilichobandikwa kwa gundi inayoondoleka.

Dopi ya nitreti inashika moto kwa kasi ya kutisha. Hakuna swichi ya umeme iliyo wazi chumbani, na ndoo zina vifuniko. Tabaka ya pili ilipakwa siku ya mvua na ikageuka nyeupe kama maziwa. Sababu ni kwamba kiyeyushi kikiruka hupoza uso wa kitambaa, na unyevu wa hewani hugandia pale pale. Tumeipaka upya siku kavu.

Wiki ya 20 hadi sasa: karatasi, filamu, sauti

Bila karatasi, ndege ni bati tu. Tulivyo navyo ni vitabu vya kumbukumbu vya mwili wa ndege, injini na propela, orodha za mizigo, kadi za matengenezo, na makopo 9 ya filamu.

Makopo yalifunguliwa uwanjani, si chumbani. Manne yalinuka siki. Hiyo ni filamu ya asiteti inayooza, na asidi inayotoka huharakisha kuoza kwa filamu jirani. Yametengwa katika chumba chake chenye baridi na yamepangwa kunakiliwa kwanza, kabla ya filamu zenye picha nzuri zaidi lakini zilizo salama. Filamu ikishajikunja na kusinyaa haipiti tena kwenye mashine.

Kurasa zinachanganuliwa kwa nukta 400 kwa inchi, picha za karatasi kwa 600, zote zikihifadhiwa kama faili za picha za TIFF. Kila faili ina namba ya uhakiki ya SHA-256 inayopigwa upya kila baada ya miezi 3, ili faili likiharibika kimyakimya tujue. Nakala ni 3, kwenye aina 2 za vyombo, na moja iko jengo jingine. Mifuko ya plastiki ya PVC iliyokuwa na picha imetupwa yote. Hutoa asidi na kunata kwenye uso wa picha.

Waliohudumia Dakota wamezeeka, na sauti zao zinarekodiwa kwa faili za sauti za WAV, kilohezi 48, biti 24. Hatuwaulizi “tuambie ilivyokuwa”. Tunawawekea kipuri chenyewe mkononi. Swali kuhusu kifuniko cha tangi lilitupa jibu la ile tabaka ya fedha: ndege ilikopeshwa kwa upimaji wa ramani kwa picha za angani, na tundu la kamera sakafuni, ambalo tulikuwa tumeliandika kama kiraka kisichojulikana, ndilo hilo. Kiraka kimebadilishiwa maelezo katika orodha.

Kinachoendelea wiki hii

Ndege imewekwa juu ya jeki 3 zenye mito ya mpira ili matairi yasibebe uzito. Mwanga juu ya usukani wa kitambaa hauzidi lakisi 50 (kipimo cha mwanga). Unyevu ndani ya hanga leo asubuhi ulikuwa asilimia 52. Karibu na mlango wa mizigo, asilimia 61, kwa hiyo mashine ya kukausha hewa inahamishiwa upande huo. Eleroni ya kulia inasubiri kitambaa. Silinda mbili za injini ya kulia zitaangaliwa tena kwa kamera wiki ya 24.